Uzi: Anayetaka kuchora majini aanze kwa kupiga picha za punda

Mkaa Langoni (Lamu)

Assalaam aleikum wanajukwaa. Vijana wanaokuja barazani kwangu hapa Langoni wakiwa na daftari za michoro huniuliza swali ambalo nimeshindwa kulijibu kwa sentensi moja: mtu anayetaka kuchora fantasia, yaani majini, mazimwi, mashujaa wa kale na miji ambayo haikuwahi kuwepo, ana haja gani ya kujifunza kupiga picha za maisha halisi? Wenzao wa kamera, ambao wengi huwapiga picha wageni kule Shela, huuliza kinyume chake, kwamba michoro ya kubuni itawafaa nini wao waliojifunga kuonyesha mambo yalivyo. Jibu langu ni kwamba mafunzo haya ni ya aina moja, na kwamba anayetaka jini lake liaminike aanze kwa kupiga picha za punda mwaka mzima. Nitaeleza, na mwenye kupinga apinge.

Tuanze na mnyama wa kwetu. Mwaka 1415 ujumbe kutoka Malindi ulimfikisha twiga katika kasri la mfalme Yongle wa China. Mwaka mmoja kabla, twiga mwingine alikuwa amefika huko kama zawadi kutoka Bengali, na mchoro wake, pamoja na shairi la sifa lililoandikwa na Shen Du, mwanachuoni wa kasri, umehifadhiwa hadi leo. Shairi hilo humwita qilin, mnyama wa ngano za Kichina ambaye husemwa kuwa hajitokezi ila pale mtawala anapokuwa mwadilifu. Sasa utazameni mchoro wenyewe. Shingo ni ya twiga, miguu ni ya twiga, madoa yamepangwa kama matundu ya wavu, na mtunzaji ameshika kamba. Mchoraji alichora kilichokuwepo; maneno yaliyoandikwa juu yake ndiyo yaliyomgeuza mnyama wa nyika kuwa ishara ya mbinguni. Kwa maneno mengine, yule twiga alikuwa ushahidi na ngano kwa wakati mmoja, na kilichotofautisha hayo mawili kilikuwa maelezo ya picha, wala si mkono wa mchoraji.

Miaka 100 baada ya twiga wetu, mwaka 1515, mambo yalikwenda upande wa pili. Kifaru aliletwa Lisbon kutoka Gujarat, na Albrecht Dürer, aliyekuwa Nuremberg na ambaye hakumwona mnyama huyo maishani mwake, alimchora kwa kutegemea maelezo ya barua na mchoro mdogo wa mtu mwingine. Akamvika mabamba kama deraya ya askari, akamwongezea na kipembe cha pili mgongoni. Alidhani anatoa habari, kumbe amechora fantasia, na watu wa Ulaya waliuamini mchoro huo kwa zaidi ya karne mbili. Siwacheki. Mchoro ule una uzito wa kitu kilichotazamwa kwa karibu, kwa sababu Dürer alikuwa ametazama sana vitu vingine: magamba, ngozi iliyokunjamana, vyuma vya mafundi wa deraya. Alikopa alivyovijua akavijengea asichokijua, na hiyo ndiyo kazi ya kila mchoraji wa majini.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Ivan Bilibin, mchoraji wa Urusi aliyejulikana kwa michoro ya hadithi za kale za kwao. Kati ya mwaka 1902 na 1904 alitumwa na idara ya ethnografia ya jumba la makumbusho kwenda mikoa ya kaskazini, Vologda, Olonets na Arkhangelsk, ambako alipiga picha nyumba na makanisa ya mbao na kukusanya nguo na vyombo vya wanakijiji. Alikuwa tayari amekwisha kuchora hadithi, na bado aliona ana haja ya kwenda kuangalia. Mwenye kutazama michoro yake ya baada ya safari hizo ataona kwamba mapambo ya nguo na maungio ya mbao yanasimama kama vitu ambavyo fundi angeweza kuvitengeneza. Mchawi anaruka, lakini paa analoruka juu yake lina misumari yake.

Sasa nirudi Lamu, maana hapa tuna hazina ambayo vijana wetu wanaipita kila siku wakienda kutafuta picha za majumba ya Ulaya kwenye simu. Nyumba zetu za mawe ni nyembamba na ndefu kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba dari kwa kawaida hazizidi takriban mita 3, hivyo chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko mti unavyoruhusu. Kijana akinichorea kasri la sultani wa kubuni wa Pate lenye ukumbi mpana kama uwanja wa mpira, namuuliza: dari hii imeshikwa na nini? Akijibu kwamba imeshikwa na majini, ni sawa kabisa, lakini basi nataka kuyaona hayo majini, na nataka kuyaona yakichoka. Vivyo hivyo kwa vyombo vya baharini. Anayechora zama za kale akaweka jahazi lenye tanga la pembetatu peke yake hajui kwamba mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila misumari, ulikuwa na tanga la mraba la mkeka, na kwamba umetoweka tangu mapema karne ya 20. Na mwanga! Katika vichochoro vyetu jua hufika chini kwa muda mfupi tu karibu na adhuhuri. Saa nyingine zote mwanga hushuka kwa kugongwa na kuta za chokaa, ukawa laini, na uso wa mtu hauna kivuli kikali. Hilo hulifahamu aliyesimama pale na kamera akaona picha zake za saa nne asubuhi na za saa saba mchana zilivyoachana.

Zoezi ninalowapa wote, wa kalamu na wa kamera, ni Liyongo kisimani. Hadithi mnaijua. Fumo Liyongo, shujaa wa ngano za Pwani yetu, hakuwa wa kuuawa kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikidungwa kitovuni, na aliyemdunga usingizini ni mwanawe mwenyewe. Alipozinduka akashika uta wake, akaenda hadi kisimani, akapiga goti, akapachika mshale akavuta, na roho ikamtoka akiwa vivyo hivyo. Watu hawakujua kwamba amekufa. Siku zikapita bila mtu kuthubutu kuteka maji, hata mamake akaletwa ambembeleze, mpaka hatimaye mwili ukaanguka.

Takriban kila kijana, akisikia hivyo, huchora sindano inapoingia: damu, mdomo wazi, umeme angani. Mimi huwaambia kwamba huo ni wakati ambao hauna la kusubiri. Wakati wenye hadithi ndani yake ni siku ya pili, saa tatu asubuhi, mitungi mitupu imepangwa kwenye kona ya kichochoro, mwanamke anachungulia, mtoto amevutwa nyuma kwa ukosi, na kule mbele mgongo wa mtu mkubwa uliopiga goti. Mtazamaji aonyeshwe kitu kimoja ambacho watu wa mji hawakioni, kwa mfano nzi aliyetua juu ya mkono usiotikisika. Wazo hilo la nzi halikutoka kichwani mwangu. Nililipata katika picha niliyompiga mzee mmoja aliyelala barazani baada ya chakula. Nilipoikuza nikaona nzi kwenye kidole chake, na kwa dakika nzima nikaingiwa na hofu isiyo na sababu. (Mzee yuko salama, na alinikemea kwa kumpiga picha amelala. Alikuwa na haki.)

Kwa hiyo nauliza jukwaa: je, kuna mtu amewahi kuyafundisha haya mawili kwa pamoja, na aligonga mwamba wapi?

Kamera ya Malindi

Waaleikum salaam, maalim. Nimekusoma hadi mwisho na ninakubaliana nawe kuhusu mchoraji, lakini naona umempitia mpiga picha haraka mno. Umesema mafunzo ni ya aina moja. Mimi nasema macho ni ya aina moja, ila kiapo ni tofauti, na mwanafunzi asipotenganishiwa hilo mapema atapotea.

Nitoe kisa changu. Miaka kadhaa iliyopita nilipiga picha katika nyumba ya mzee mmoja hapa Malindi, karibu na bahari, nikiwa nataka kuonyesha sebule ya kale yenye zidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vyombo, ukutani. Palikuwa na mtungi wa plastiki wa manjano, ule wa lita 20 uliowahi kuwa wa mafuta ya kupikia. Nikausogeza nje ya fremu. Picha ikatoka nzuri, nikamchapishia nakala na kumpelekea. Akaitazama kwa muda, akaniuliza, "Na maji yangu umeyapeleka wapi?" Nikacheka, yeye hakucheka. Akanieleza kwamba kwa miezi hiyo yote mfereji ulikuwa hautoi maji, na kwamba kuchota maji ndiyo kazi iliyokuwa ikijaza siku yake yote. Nilikuwa nimeondoa habari yenyewe nikabakisha pambo.

Baadaye nikajifunza kwamba nilikuwa nimefuata njia ya zamani. Edward Curtis, mpiga picha wa Marekani aliyezunguka miaka mingi miongoni mwa wenyeji wa asili wa nchi ile, alipiga picha ya wanaume wawili wameketi ndani ya hema la Wapiegan, na katikati yao palikuwa na saa ya mezani. Katika picha iliyochapishwa saa imefutwa. Katika negativu, yaani filamu ya asili, bado ipo. Alitaka watu wasiokuwa na wakati, na watu walikuwa na saa. Hebu nyote mlioko Lamu jiulizeni ni mara ngapi mmesubiri pikipiki ipite, mkakwepa waya wa umeme, mkamwomba mtu avue miwani ya jua, ili mji uonekane kama alivyouota mnunuzi wa kadi. Hiyo ni michoro ya fantasia iliyofanywa kwa kamera, na ubaya wake ni kwamba haijitaji.

Jambo la pili ni mfululizo. Mchoraji anaweza kubana hadithi yote katika ukurasa mmoja, ila mpiga picha mara nyingi hawezi, na asilazimishwe. Mwaka 1948 W. Eugene Smith alikaa siku 23 katika mji mdogo wa Kremmling, Colorado, akimfuata daktari mmoja wa kijijini, na jarida la Life likazichapa picha hizo kama hadithi kamili. Ukizipanga utaona mahali, uso, mikono, chombo, tendo, kisha mtu amesimama jikoni na kikombe cha kahawa baada ya kazi kumshinda. Picha ya kikombe peke yake haisemi lolote, lakini ikiwa mwisho wa safu inamaliza maneno. Na tena, ili tusiwafanye watu malaika, huyo huyo Smith katika picha yake maarufu ya daktari mmisionari Albert Schweitzer ya mwaka 1954 aliunganisha negativu mbili ili kuweka mkono na mpini wa msumeno chini ya fremu. Mkono wa mchoraji ulimwasha.

Kwa nini nakazia kiapo? Kumbukeni Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, na picha za njaa alizorekodi Korem, Ethiopia, mwaka 1984. Dunia ilitoa misaada kwa sababu iliamini kwamba kilichokuwa mbele ya lenzi ndicho kilichokuwepo. Ingejulikana kwamba mtoto mmoja tu alipangwa pale, kila mtoto mwingine wa kweli katika filamu ile angetiliwa shaka.

Bin Mvita

Mabwana, heshima kwenu, lakini naona mnawafunga watoto kamba. Fantasia ni mahali pekee ambapo kijana wa Pwani hajibu mtihani. Mkimwambia ahesabu boriti kabla ya kuchora kasri, atachora shule. Isitoshe, siku hizi akili unde inatoa picha ya Liyongo kwa nukta chache, na inatoa pia picha "halisi" ya Liyongo, yenye vumbi na mwanga na kila kitu. Kiapo hicho cha kamera kimekwisha kuvunjwa na mashine. Kwa nini kijana asumbuke na punda?

Mkaa Langoni (Lamu)

Ahsante kaka Bin Mvita, swali lako ndilo nililokuwa nikilisubiri, ingawa nilidhani litakuja kwa upole zaidi.

Kuhusu mashine, nakukumbusha kisa ambacho hakikuhitaji mashine. Mwaka 1917, katika kijiji cha Cottingley, Uingereza, wasichana wawili wa ukoo mmoja, Elsie Wright aliyekuwa na miaka 16 na Frances Griffiths aliyekuwa na miaka 9, walichora vijini vyenye mabawa kwenye karatasi, wakavikata, wakavisimamisha kwenye majani kwa pini za kofia, wakapiga picha. Arthur Conan Doyle, mtunzi wa hadithi za Sherlock Holmes, mtu mzima aliyesoma, aliamini na akazitangaza mwaka 1920. Walikiri mwaka 1983, wakiwa wazee. Angalia kilichotokea: michoro ile ingebaki karatasini isingemdanganya mtu, na pengine ingesifiwa kwa uzuri wake. Ilipoingia ndani ya kamera ikavaa kiapo ambacho haikukula. Kwa hiyo namkubali mwenzangu wa Malindi na ninarekebisha kauli yangu ya mwanzo: ufundi ni mmoja, dhamana ni mbili, na mwanafunzi aandike chini ya kila kazi yake ni dhamana ipi anayoitoa. Kijana mmoja hapa huandika nyuma ya karatasi "nimeona" au "nimezua", neno moja tu. Nimeuchukua utaratibu huo kutoka kwake.

Kuhusu boriti, sikusema zihesabiwe ili mtoto azitii. Nimesema azijue ili akizivunja iwe kwa makusudi, na mtazamaji auone uvunjaji huo. Kule Matandoni kijana wangu mmoja alikaa wiki mbili akipiga picha mafundi wa majahazi, mbavu za chombo, kalfati ya pamba ikisukumwa katikati ya mbao. Aliporudi akachora jahazi linalopumua, mbavu zake zikifunguka na kufungana kama za ng'ombe aliyelala. Hakuna fundi atakayekubali chombo hicho kielee, lakini kila fundi niliyemwonyesha aliweka kidole mahali pale pale, kwenye maungio, akasema hapa maji yataingia. Walibishana nacho kama kitu kilichopo. Mchoro wa mashine wa mwezi uliopita, ambao kijana mwingine aliniletea, ulikuwa na mlingoti unaotoka juu ya tanga. Mafundi waliuangalia mara moja wakarudi kazini.

Mama wa Mkomani

Nimesoma kimya, na nina la kuongeza kwa upande wetu sisi tunaopigwa picha. Nyote mmezungumzia dhamana kwa mtazamaji. Hakuna aliyetaja dhamana kwa aliye ndani ya fremu. Wakati wa Maulidi mji hujaa kamera, na wengine huzielekeza hata ndani ya daka za watu, yaani kumbi za mlangoni, bila hodi. Yule mama wa Marekani aliyepigwa picha na mpiga picha Dorothea Lange mwaka 1936 katika kambi ya wachuma njegere huko Nipomo, California, alijulikana duniani kwa uso tu kwa zaidi ya miaka 40. Jina lake, Florence Owens Thompson, lilikuja kujulikana mwaka 1978, naye alieleza kwamba alitamani asingepigwa picha ile, na kwamba haikumpa hata senti. Naitambua nguvu ya picha ile. Nasema pia kwamba binti yangu asiwe kielelezo cha "mwanamke wa Lamu" bila kuulizwa.

Hapa ndipo ninapoona faida ya mchoro, maalim. Bibi yangu hakukubali kamera hata siku moja, lakini binti yangu aliketi naye akamchora akisuka ukili, na bibi akawa anamsahihisha: mkono hauko hivyo, mstari huu uko juu mno. Mchoro ule una ukweli ambao kamera ingeuiba, au isingeupata kabisa. Naomba muwafundishe vijana kwamba mahali ambapo kamera haikaribishwi, penseli inaweza kubisha hodi.

Kamera ya Malindi

Dada, umenifunga mdomo, na nashukuru. Tangu kisa cha mtungi huwa napeleka picha kwa mwenyewe kabla ya kuionyesha kwa mtu mwingine, lakini sijawahi kumpa nafasi ya kunisahihisha kabla haijapigwa. Bibi yako alikuwa mhariri, si kielelezo.

Mkaa Langoni (Lamu)

Mama wa Mkomani, nimeyapokea, na nitayaingiza katika zoezi.

Kwa wale walioniandikia kando wakiuliza waanzie wapi: simu yenye kamera inatosha, na penseli ya kawaida inatosha. Wiki ya kwanza piga picha kisima kimoja na usipige kingine. Piga mdomo wake, mahali kamba zilipochimba mifereji kwa miaka. Piga ndoo, sakafu yenye maji, kivuli saa tatu na saa kumi. Usimpige mtu ila aliyekubali, na asiyekubali mchore kama ataridhia, mbele yake, akikusahihisha. Wiki ya pili zipange picha 6 ukutani bila maelezo, mwite jirani asimulie anachokiona, na uandike mahali alipokwama, maana pale ndipo hadithi yako ilipokatika. Wiki ya tatu ndipo Liyongo apige goti. Mimi nitaangalia kwanza kamba.

Jumamosi baada ya alasiri nitakuwa barazani, anayetaka kuleta kazi alete. Kisima cha nyuma ya nyumba ya jirani yangu tumeruhusiwa kukitumia, kwa sharti moja aliloliweka mwenye nyumba: tusiuondoe mtungi wake wa plastiki.